Kinywa Kinachoimba

"Mwaka huu karanga ya Claudine italala mu udongo ya Claudine," alitangaza sokoni Tshopo, akifunga gunia la mbegu nyuma ya baiskeli, na wauza majani ya pondu wote wakasikia, maana Claudine hakujaliwa sauti ndogo. Mvua ya mwezi wa tatu ilikuwa imeanza. Shamba lake, kwenye barabara ya Bengamisa, lilikuwa limekwisha kulimwa, na udongo huvumilia karanga majuma matatu tu. Ukichelewa, unapandia kuvu. Mwizi, ndege, panya: atakayegusa gunia hilo, alisema, atamjua yeye ni nani.

Aliyeligusa alikuwa Ajida Eddy, askari wa bariera, kizuizi cha barabarani, na hakutaka kujua yeye ni nani. Alitaka karatasi ya mbegu.

Claudine akatoa karatasi ya baiskeli, kadi ya kura, tikiti ya soko, hata kadi ya chanjo. Karatasi ya mbegu hakuwa nayo. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia kwamba iko duniani.

"Inatolewa wapi, shefu?"

"Hapa."

"Alors, unipatie."

"Cachet, muhuri yenyewe, imepotea, mama."

Gunia likabaki. Lakini Ajida, ambaye si mtu mbaya akiwa ameshiba, akamwonyesha njia: asubuhi sita za salongo katika shamba lake nyuma ya bariera, kisha gunia lake atalichukua. Salongo ni kazi ya wote kwa faida ya wote, na msimu huo 'wote' alikuwa Ajida.

Asubuhi ya kwanza aliwakuta wengine kumi na wawili, kila mtu na karatasi yake iliyokosekana. Mbegu zikaletwa. Claudine alilitambua fundo kabla ya kulitambua gunia: kipande cha shati la Hubert, mumewe, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Banalia misimu miwili iliyopita, asirudi. Likafunguliwa mbele yake. Hapo akaelewa kwamba gunia atarudishiwa kweli. Gunia tupu nalo ni gunia.

Sheria ya shamba ilikuwa moja: ukipanda, unaimba. Kinywa kinachoimba hakitafuni. Ajida alikaa chini ya mwavuli akisikiliza kama mwalimu wa kwaya, na aliyenyamaza alifunguliwa mdomo. Papa Mahmoudi, fundi cherehani, alinyamaza kidogo tu, wakamkuta na karanga saba. Akaongezewa siku saba, moja kwa kila karanga. Alilia waziwazi, maana shamba lake mwenyewe lilikuwa bado halijapata hata punje.

Claudine aliimba kwaya parokiani. Aligundua kwamba karanga nne shavuni haziharibu kitu. Nane, wimbo unakuwa mzito. Kumi, ni wimbo wa mtu mwenye jino bovu. Hakutafuna hata moja, ingawa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Kila shavu lilipojaa aliomba ruhusa ya kwenda majanini, akazitema katika pindo la kitenge, akarudi akiimba. Alasiri alizipanda kwake zikiwa bado na mate. Mstari wake ukasogea hatua mbili kwa siku.

Mama mkwe wake, Mama Angélique, akaona. Alikuwa mwanamke wa Yanonge, mwenye adabu za zamani, na kitu kisicho na maelezo hakikulala ndani ya nyumba yake. Akauliza zinatoka wapi. Claudine angeweza kusema ameziokota njiani. Lakini huyo ni Claudine. Akasema Ajida mwenyewe humpa, kila siku, mkono mzima, kwa ajili ya sauti yake. Tena huwanyamazisha wengine ili amsikie vizuri.

Siku ya sita Mama Angélique akatokea shambani, amevaa liputa ya kuendea misa, mkononi kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa kuku wa mwisho wa nyumba, na alikuwa anataga. Claudine alikuwa katikati ya mstari, karanga nane shavuni.

Mama hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwavuli, akapiga goti, akamnyooshea Ajida kuku kwa mikono miwili.

"Papa Ajida, Mungu akubariki. Karanga ile unapatiaka mutoto yetu, tunaiona. Tumeipanda yote."

Ajida akampokea kuku, akampima uzito kwa mkono. Akauliza kwa upole ni ngapi hasa, maana yeye husahau anachotoa. Mama Angélique akakunja vidole kumwonyesha kiganja kilivyojaa. Kila siku? Kila siku, papa, tangu siku ya kwanza.

Wapandaji walikuwa wameacha kuimba. Claudine peke yake aliendelea, polepole, akiinamia shimo ambalo tayari lilikuwa na mbegu.

"Bon," alisema Ajida. "Mama Claudine, kuya hapa. Bokilo yako amefika kushukuru. Na weye sema merci."

Alikuja. Alisimama mbele yao, midomo imefungwa, akitikisa kichwa tena na tena kama mtu aliyezidiwa na furaha. Ajida alingoja. Mama Angélique akaona aibu kwa ajili ya nyumba yake, akamgusa kwa kiwiko.

"Sema basi, mwana yangu. Ku nyumba haunyamazaka."