Sentimita Mbili na Nusu

Fundi cherehani hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na simu wala mtu wa kumsindikiza hospitali. Alichokuwa nacho ni utepe wa kupimia shingoni, na binti mmoja aliyeishi mbali, aliyepanga kuolewa mwakani akiwa amevaa gauni lililoshonwa na baba yake.

"Uvimbe wa utumbo wa aina hii tunatazama ukubwa wake," daktari alimwambia. "Ukiwa chini ya sentimita moja, ni nadra kusambaa. Ukipita mbili, mara nyingi umeshasambaa. Wako, mzee, ni mbili na nusu, tena umepenya hadi kwenye msuli na mishipa ya damu."

"Nusu sentimita, daktari? Mimi hiyo naificha kwenye pindo na mteja hajui."

Daktari alicheka kidogo. "Huku hakuna pindo, mzee wangu. Picha inaonyesha umeshafika kwenye ini."

Nyumbani, fundi alinyoosha utepe mezani, akaweka kidole kwenye alama ya mbili na nusu. Ulikuwa urefu wa tundu la kifungo cha koti, basi. Akachukua kalamu.

"Mwanangu, usingoje mwakani. Jipime leo kifua, kiuno na urefu, unitumie haraka. Nataka kushona mapema, maana macho yangu siyaamini tena."

Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda mwenyewe kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.