Bamkubwa Ngowa na Mpira wa Bwana Jafar

Sijapata kuona mtu aliyefurahia kufika miaka hamsini kama bamkubwa Ngowa. Siku hiyo alizunguka Mishomoroni nzima akisalimia watu, na kila aliyempa hongera alimjibu, "Sasa mimi ni mzee rasmi."

Sababu ni gofu. Alipita mtihani wa kuwa mchezaji wa kulipwa akiwa na arobaini na moja, lakini mbele ya vijana hakuwa na lake. Wale wanapiga mpira mpaka unapotea machoni. Wake yeye unauona tu unavyokwenda, polepole, kama una mahali pa kupitia kwanza. Ila kuna mzunguko wa wazee, wa waliotimiza hamsini. Wanacheza Nairobi, Nakuru, mpaka Uganda. Huko ndiko alikokuwa akisubiri kufika. Mwaka huu ikabaki nafasi moja, na watu wawili wanaitaka: yeye na Bwana Jafar.

Na huyo Bwana Jafar, bamkubwa alikuwa kedi wake miaka kumi na minne. Alimbebea begi la fimbo, akampangusia mpira, akamwambia nyasi imelalia wapi.

"Leo utanitaka radhi," Bwana Jafar alimwambia uwanjani, asubuhi ya kushindania nafasi hiyo. "Mwalimu wako ni mimi."

"Mwalimu wangu ni lile begi lako," bamkubwa akasema. "Ulikuwa ukitia mawe."

Begi lake yeye lilibebwa na mkewe, mamkubwa Dama, aliyesema hawezi kumwachia mtu baki mambo ya nyumba yake. Mimi nilifuata nyuma na watazamaji wengine, kando ya kamba.

Walicheza mtu kwa mtu, shimo kwa shimo, anayeshinda mashimo mengi ndiye. Baada ya mashimo kumi na saba walikuwa sawa. Likabaki moja la kuamua.

Kila mmoja alipiga mara mbili, na mipira yote ikafika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe. Wa bamkubwa ulilala hatua moja tu kutoka shimoni. Wa Bwana Jafar hatua sita. Mamkubwa alianza kutabasamu.

Bamkubwa akatangulia. Alipofika kwenye mpira wa Bwana Jafar akainama, akaweka sarafu nyuma yake iwe alama, akauokota. Akaupulizia pumzi, akaupangusa kwa pindo la shati, taratibu, pande zote.

"Ngowa," mamkubwa akasema kwa sauti ya chini. "Huo si wako."

Bamkubwa akautazama mkononi kama mtu aliyewekewa. Refa alikuwa ametupa mgongo, anazungumza na watazamaji wengine. Bwana Jafar bado yuko nyuma, anatafuta miwani mifukoni. Tulioona ni sisi watatu.

"Urudishe chini," mamkubwa akanong'ona. Na mimi wallahi nilitaka hivyo hivyo, aurudishe, anyamaze.

Bamkubwa akainua mkono. "Refa, njoo. Nimeokota mpira wa mwenzangu."

Refa akaja, akauliza mara mbili kama amesikia sawa. Adhabu ni pigo moja. Sasa bamkubwa ana matatu, Bwana Jafar mawili.

"Kwani ulikuwa mchafu?" Bwana Jafar akauliza.

"Kidogo."

"Ahsante basi."

"Nyumbani hata meza hupangusi," mamkubwa akamwambia mumewe.

Bwana Jafar akiutia mpira kwa pigo moja, kwisha, nafasi ni yake. Akachutama. Akafumba jicho moja, akaitazama ile nyasi muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti ya kila siku, akauliza, "Ngowa, inakata upande gani?"

Bamkubwa akafungua mdomo kujibu. Mamkubwa akamkanyaga mguu.

Refa akakohoa. "Bwana Jafar, umemuomba mpinzani wako ushauri. Shimo umelipoteza."

"Mimi sijasikia kitu," bamkubwa akasema haraka.

"Mimi nimesikia," refa akasema.

Bwana Jafar alibaki amechutama vile vile. Nilidhani analia, mabega yanamtikisika. Kumbe anacheka, mpaka miwani ikamwanguka.

"Haya, Ngowa," akasema. "Nafasi umeipata. Lakini nijibu, usinilaze na hili swali."

"Kulia. Vidole viwili."

Bwana Jafar akapiga. Mpira ukapinda kidogo, ukasita ukingoni, ukatumbukia. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

"Vidole viwili kamili," akasema, akimshika bamkubwa bega. "Ukirudi kutoka Uganda njoo tucheze tena. Na mwambie mkeo asikukanyage."

"Nitamkanyaga," mamkubwa akasema.