Mzee Halali

Ulikuwa umebaki wimbo mmoja tu albamu ikamilike. Hapo ndipo mpiga kinanda wa kukodiwa alipoondoa mikono kwenye kinanda chake, akamgeukia Chiriku, mwenye nyimbo.

"Dada, samahani, lakini magita yako yako chini. Yamekwama katikati ya sauti mbili, kama mtu aliyebanwa na mlango."

Fundi mitambo akapima. Lahaula! Nyimbo zote, tangu wa kwanza, zilikuwa chini kidogo, na kidogo kile kile kila mahali. Kinanda hakikazwi kama gita; mwenyewe akaaga akaenda zake.

Chiriku alijua palipoharibika. Tangu utotoni alikuwa akikaza nyuzi kwa kufuatisha santuri za baba yake, na gramafoni ya Baba ilikuwa inajikokota, ikishusha kila sauti. Mkanda wake ulilegea zamani, lakini nani wa kumwambia Mzee? "Haijikokoti! Nyie ndio mna haraka!"

Tena kinanda chenyewe kilikuwa cha kuziba pengo. Pengo lile la katikati ya wimbo huo wa mwisho Chiriku alilitengeneza kwa ajili ya gita la Baba, ambalo lilitundikwa ukutani tangu bendi yake ivunjike. Kumwomba alimwomba, jamani, mpaka akachoka. Mzee alisema muziki wa siku hizi ni kelele, na kila bintiye alipopiga, yeye alikoroma. Ukimwamsha: "Silali, nafumba macho tu!"

Akaenda nyumbani, akalitema lote. "Baba, gramafoni yako imeniponza."

Akangoja moto uwake. Mzee akauliza, "Zote ziko chini sawasawa?"

"Sawasawa."

Mzee akaweka santuri, akatungua gita, akalifuta vumbi kwa shati alilovaa na kuanza kukaza nyuzi. "Basi twende. Tumepotea pamoja, mimi na wewe."

Kule studio Mzee akavishwa vipokea sauti masikioni, na kwa mara ya kwanza akausikia wimbo wenyewe:

*Mzee halali, kafumba macho tu,*
*tukikosea kidogo, anakoroma juu.*

Akainua mkono. Fundi akasimamisha.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni... mzee tu, Baba."

"Mjinga wewe!" Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, anza tena."

Pengo lilipofika, vidole vilisitasita kidogo, halafu weee! Gita la Mzee lilikaa ndani ya yale mengine kama kifungo kwenye tundu lake. Fundi mitambo aliruka kwenye kiti. Chiriku alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Albamu ilipotoka, kinyozi wa mtaani aliipiga kutwa, na watu wakawa wanapita wanaimba *anakoroma juu* huku wakimpungia Mzee. Chiriku akamletea santuri ya albamu ile, akaiweka kwenye gramafoni. Mistari miwili tu, Mzee akainua sindano.

"Inajikokota," akasema.

Chiriku alidhani hakusikia vizuri. "Nini, Baba?"

"Gramafoni. Kwani huna masikio? Nenda kwa fundi redio ukanunue mkanda mpya."

"Lakini miaka yote hii, Baba..."

"Miaka hiyo zilikuwa nyimbo zangu. Zako hazitaburutwa."

Mkanda ukafungwa jioni ile ile. Mzee akaketi kwenye kiti chake, macho kodo, mpaka wimbo wa mwisho ukaisha.