Kiti cha Kulia

Jumamosi ambayo fundi Casimir alihamisha usukani wa gari la Guy, Mama Gertrude alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya karakana, pale mtaa wa Kikula, Likasi, akichambua dagaa wa kuuza. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umerudi asubuhi, kwa hiyo Casimir alikuwa akichomelea vyuma haraka haraka kabla haujabadili mawazo. Gari lilikuwa Subaru Legacy GT ya rangi ya fedha, lenye turbo, tundu pana juu ya boneti, na mgongo mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma. Gari la mgongo huo Likasi huitwa break. Lilitoka Japani na usukani upande wa kulia, kama yatokavyo yote, na Kongo hatuendeshi hivyo, kwa hiyo kila moja likifika hufumuliwa uso na kushonwa upya.

Guy alikuwa mtoto wa kwanza wa Gertrude. Gari hilo alilichagua kwenye simu, picha baada ya picha, kwa muda mrefu kuliko wenzake wanavyochagua mke, na mama yake alimwambia hivyo bila kumumunya maneno. Kijana asiye na mtoto hata mmoja anataka gari refu la nini? Guy alijibu kwamba magunia ya dagaa yataingia nyuma bila kukunjwa, na siku mama akifa ataingia yeye pia, amelala, miguu imenyooka. Gertrude alimrushia kitambaa. Picha ambayo Guy aliipenda zaidi ilionyesha ndani ya gari, kiti cha dereva upande wa kulia na usukani wa ngozi mbele yake. Aliiweka ikae kwenye uso wa simu yake, akawa anaitazama hata mezani.

Amisi, mfanyabiashara aliyekuwa akileta magari kutoka Dar es Salaam, ndiye aliyewasomea ujumbe wa muuzaji wa kule, kwa Kiswahili cha pwani: usukani uko kulia. Sasa, mkono huo Likasi ni kuume. Kulia ni kutoa machozi, basi. Gertrude aliacha kula.

"Volan ya kulia? Njo nani atalia?"

Walicheka mpaka Amisi akapaliwa na chai. Tangu siku hiyo gari liliitwa motoka ya kulia, hata kabla halijapanda meli.

Lilikuwa bado baharini Guy alipoacha kurudi kutoka kazini. Alikuwa mtu wa matangi katika kiwanda kimoja nje ya mtaa wa Panda, ambako shaba huyeyushwa ndani ya asidi mpaka maji yanakuwa ya buluu. Aliondoka asubuhi, na zamu ilipokwisha wenzake walirudi bila yeye. Wawili kati yao walikuja nyumbani jioni hiyo, wakakaa ukingoni mwa viti, wakasema kwa sauti ya chini kwamba ubao mmoja wa kivuko kilicho juu ya tangi ulikuwa umeoza, kwamba wameshaulalamikia sana, na kwamba Guy alipita hapo. Kisha wakaomba wasitajwe. Kiwanda kilisema Guy ametoroka kazi, pengine amekwenda Kolwezi kujichimbia madini. Ili kutazama ndani ya tangi ingebidi limwagwe, na likimwagwa kazi itasimama. Kazi haikusimama.

Hapakuwa na mwili, na kwa hiyo hapakuwa na matanga. Gertrude alikata shauri kwamba hatamlilia mwanawe kabla hajamzika. Kumlilia mikono mitupu, alisema, ni kuwasaidia wale kumficha. Aliendelea kuuza dagaa macho makavu, na akina mama wa sokoni wakaanza kumwogopa kidogo.

Casimir alipomaliza, Blandine, binti wa Gertrude aliye mwalimu, aliingia upande wa kushoto, kwenye usukani mpya, na Gertrude akaketi nyuma. Ufunguo ulipogeuzwa, sauti ya mwanamke ilisema sentensi moja ya Kijapani, ile ambayo magari hayo husema kila yakiamka na ambayo hakuna mtu Likasi ameshaielewa. Halafu ikaanza kengele ya abiria ambaye hajafunga mkanda. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Casimir alikipigapiga, akakata waya wake, na kengele ikaendelea. Alipoweka kiganja juu ya kiti, kiganja kilitoka na maji ya buluu. Akakiosha upesi kwa sabuni.

"Mama Guy, haiko panne, haijaharibika," alisema. "Kiti iko inasema kweli. Kuko muntu."

Blandine aliuvuta mkanda na kuufunga. Haukulala juu ya kiti. Ulibaki hewani, umejaa, kama unavyokaa kifuani kwa mtu. Kengele ikanyamaza. Casimir alisema turbo inavuma vizuri, ila mafuta yabadilishwe mapema. Gertrude aliinama mbele, akamsalimu mwanawe, akamuuliza kama amekula. Walizunguka Kikula kidogo, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya asidi, na majirani waliokuwa barabarani walimsalimu Guy pia.

Jumatatu walikwenda kiwandani. Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Magloire, mtu mpole, wa viatu safi, na alitoka nje mwenyewe kuwapokea. Blandine alifungua mkanda ili kengele isikike. Magloire alisikiliza, akaingiza kichwa, akagusa kiti kwa ncha ya leso. Buluu ile aliijua. Ilikuwa ya kwake. Gertrude alimwomba jambo moja tu: tangi limwagwe, apewe kilichobaki akizike. Magloire alikunja leso yake polepole.

"Mama, kama yeye iko humu mu motoka, basi hajakufa," alisema. "Na muntu mwenye hajakufa anapashwa kuya ku kazi. Siye hatukumufukuza. Aye tu."

Kisha akainama dirishani na kukiambia kiti maneno hayo hayo kwa Kifaransa, kwa adabu, akaongeza saa ya king'ora cha asubuhi. Kwa askari wa lango aliacha agizo kwamba Guy akija asizuiwe.

Njiani kurudi, mkanda ulikuwa umeanza kutoka nyuzi kwa asidi. Gertrude aliutazama mpaka Kikula. Pale ndipo alipoelewa. Guy hakuona gari hili ila katika picha. Amekaa mahali pa dereva, kama picha ilivyomwonyesha, na hakuna aliyemwambia kwamba wamepahamisha.

"Tulimunyanganya volan," alimwambia Casimir. "Umurudishie. Akiwa nayo, atatupeleka kwenye anataka kulala."

Alimaanisha makaburi, alikolala baba yake Guy. Casimir alisema fundi anayerudisha usukani kulia atachekwa mpaka azeeke, na gari halitauzika tena Kongo nzima. Akalifumua upya, akamaliza kabla ya Ijumaa. Gertrude alitandika shuka jeupe kule nyuma, katika ule urefu wote, akapanga juu yake suti ya Guy ya Jumapili na viatu alivyoving'arisha mwenyewe. Alimweleza padri wa parokia asiende mbali. Ufunguo aliuacha ndani ya gari.

King'ora cha Panda kilipolia kwa mara ya kwanza asubuhi, injini ikawaka. Gertrude alikuwa amekwisha vaa. Aliingia kushoto; kengele ikamlilia yeye, akafunga mkanda, ikanyamaza. Usukani ulizunguka kwa utulivu, gia zikaingia moja baada ya nyingine, na alishangaa jambo moja tu, jinsi mwanawe alivyojifunza kuendesha vizuri hivyo. Hakukimbiza gari hata kidogo, pamoja na turbo yote aliyoitaka. Kwenye njia panda, barabara ya makaburini inapochepuka, gari lilipunguza mwendo. Gertrude aligeuka kutazama shuka. Akashika msalaba wa shingoni. Gari lilisimama hapo kwa muda ambao mtu angevuta pumzi, akawaza, akaachia.

King'ora kililia mara ya pili. Guy hakuwahi kuchelewa kazini maisha yake yote. Usukani uligeukia Panda.

Langoni, Franck, askari wa zamu, alimsalimu Guy, kisha akamfungulia Gertrude mlango.

"Mama, weye hauko mu équipe ya zamu. Shukia hapa."

Alishuka. Kizuizi kiliinuliwa, gari likapita taratibu kando ya magari ya wakubwa, likaenda kusimama chini ya tangi, karibu na kivuko. Kupitia kioo cha nyuma shuka lilionekana, na viatu juu yake.

Gari hurudi kila jioni zamu ikiisha. Magloire alituma salamu nyumbani kwamba jina la Guy limerudishwa kazini, na kwamba hakuna aliye mwaminifu kwa saa kama yeye. Ubao wa kivuko haujabadilishwa. Gertrude hukifuta kiti kwa kitambaa, hukamua buluu katika beseni, na kuimwaga nyuma ya nyumba, mahali ambapo siku hizi hata magugu hayaoti. Matanga hayajawekwa, kwa kuwa padri amesema, naye kwa huruma, kwamba hawezi kumsomea misa ya wafu mtu anayeondoka kila asubuhi kwenda kazini. Shuka la nyuma hulifua na kulitandika tena.

Juzi Amisi alipita sokoni na mteja mpya, akataka kumwonyesha break yenye turbo ya kweli. Akamuuliza Gertrude iko wapi motoka ya kulia. Gertrude alimpimia dagaa mwanamke aliyekuwa akingoja, akafunga mfuko, macho makavu.

"Iko ku kazi," alisema.