Bibi Anasuka kwa Kina Mrefu

Jumatatu asubuhi, kabla kengele haijalia, Mrefu aliingia darasani akiwa amesukwa mistari sita, na ule wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo juu ya sikio. Kidoti, aliyekaa naye dawati moja, aliutazama akamjua msukaji. Bibi yake Kidoti alivunjika kidole gumba utotoni kikaunga upande, na katika maisha yake yote hakuwahi kunyoosha mstari wa kushoto. Bibi huyo alikufa mwaka mmoja kabla Kidoti na mama yake hawajahamia mji huu.

"Nani kakusuka?" Kidoti aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Bibi yako," Mrefu alisema huku akitafuta kalamu kwenye mkoba. "Ana mkono mzito, jamani. Kichwa bado kinaniuma."

Darasa lao lilikuwa la watoto wageni, ambao lugha ya shule ilikuwa bado inawakwama mdomoni. Mwalimu wa muziki, mama mmoja mkunjufu mwenye kinanda kibovu, aliamini kuwa watoto wakipeana nyimbo za kwao watapendana. Wiki iliyotangulia aliwagawa wawili wawili. Mrefu alitoa wimbo wa kuita mbuzi. Kidoti alitoa wimbo wa bibi, ule wa kusukia nywele.

Wimbo wa kusukia una pengo katikati, na katika pengo hilo hutiwa jina la mtoto aliyekaa chini kusukwa. Kidoti hakuwa amepata rafiki tangu wahamie. Kwa furaha, alitia jina la Mrefu, akamwambia aende nao nyumbani hivyo hivyo. Kosa lilikuwa hapo, na lilimuudhi zaidi kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe.

Kwa kina Mrefu hawajui kuimba kwa kunong'ona. Mama, shangazi na dada waliuimba wakikunja nguo, mlango wazi, na jina la Mrefu likawa linatajwa nyumba nzima. Jumapili alasiri bibi akapiga hodi, chanuo mkononi. Wakamkaribisha, wakamwekea mto wa kuegemea. Lalamiko la mama yake Mrefu lilikuwa moja tu, kwamba mgeni anamaliza sukari.

Kidoti naye aliwahi kuuimba wimbo wa mbuzi, mara moja, chini kwa chini, akipanda ngazi za nyumba wanayopanga. Mbuzi mweusi alimfuata hadi ghorofa ya tatu. Mama yake alimfukuza kwa ufagio, kisha akashuka na kitambaa kufuta alama za kwato.

"Umeimba?"

"Kidogo tu, mama."

"Wewe mtoto! Wakitusikia watajua sisi watu wa kuja. Unataka tutolewe vitu nje tena?"

Mama huyo alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Bosi wake na majirani wote waliamini kuwa amezaliwa mji huu huu, upande wa pili. Mwenye nyumba wa kwanza aliwafukuza siku aliyowasikia wakiongea lugha yao jikoni. Tangu siku hiyo lugha ilibaki nje ya nyumba, na nywele za Kidoti zilikatwa, kwa sababu misuko ya kwao ilikuwa inawasema hata wakinyamaza.

Jumapili iliyofuata Kidoti alikwenda kwa kina Mrefu. Bibi alikuwa kwenye kiti kifupi, na kichwa cha Mrefu kilikuwa katikati ya magoti yake, mahali ambapo Kidoti alikaa miaka yote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyu mtoto wa nani?"

"Ni mimi. Kidoti."

Bibi alimtazama kichwa chake chenye nywele fupi, akarudi kwenye kazi. "Kidoti wangu ana nywele za kufika hapa," alisema, akajigusa bega kwa chanuo. "Nikiitwa kwao nitakwenda. Namngoja mama yake aniite."

Wivu ulimpanda Kidoti. Alimpenda Mrefu, na wakati huo huo alimwombea chawa. Alishika kopo la mafuta, akawa analipitisha kila bibi alipolihitaji, mpaka mstari wa sita ulipokwisha.

Nyumbani alimkuta mama yake akinyoosha mashuka ya watu.

"Mama, imba. Mara moja tu. Utie jina langu."

Mama aliisimamisha pasi. Alikuwa ameshanusa mafuta kwenye mikono ya mwanawe.

"Amekonda?"

"Hapana."

"Ameniulizia?"

"Anangoja umwite."

Mama alivuta pumzi akaanza, kwa sauti ambayo Kidoti alikuwa amesahau kwamba anayo. Kwenye ngazi, chini kabisa, chanuo liligonga chuma cha kushikia, na miguu ya mzee ikaanza kupanda. Ilifika ghorofa ya kwanza. Ilifika ya pili. Wimbo ulikuwa unalikaribia pengo, ndipo jirani wa upande wa pili wa ukuta akakohoa.

Mama alifunga mdomo. Miguu ilisimama. Ilingoja sana, kisha ikashuka, taratibu, kama inavyoshuka miguu yenye baridi yabisi. Mama akawasha redio na kushika pasi.

Siku ya wazazi, mwalimu aliwapandisha jukwaani Kidoti na Mrefu, akawaeleza waliohudhuria kwamba huu ndio urafiki wenyewe. Bibi alikaa mstari wa mbele, karibu na mama yake Mrefu, wakigawana karanga. Mama yake Kidoti alikaa nyuma, pamoja na wenyeji, katika gauni alilolipiga pasi mara mbili.

Waliimba vizuri. Walipofika kwenye pengo, Kidoti alisubiri kidogo, akamwangalia mama yake. Mama alikuwa anatazama kisogo cha bibi. Kidoti akatia jina la Mrefu, na bibi akaitika.

Makofi yalipigwa. Mwanamke wa kiti cha jirani alimwinamia mama.

"Wimbo wa wapi huu? Unaujua?"

"Hapana," mama alisema, akiendelea kupiga makofi. "Lakini mtamu."

Bibi alisikia. Hakugeuka.