Mihogo ya Watu

Kiponda hakuwa mtu wa kutetemeka mbele ya watu. Abiria wake wa bodaboda walikuwa wakishuka huku wameshika mbavu, na wengine hata kushuka walisahau. Kwa hiyo Kambi, mwenye baa pale Kilifi, alipotangaza kwamba Jumapili hii atakayewachekesha watu zaidi ndiye atakayeendesha jukwaa kila wiki, Kiponda alijiona kazi ameshaipata. Vichekesho vyake vilikuwa vimeiva, na vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, vilimhusu mama mkwe.

Kosa alilifanya Pamela, mkewe, na alilifanya kwa mapenzi. Hakujua mumewe atasema nini. Alijua tu kwamba atapanda jukwaani, akaona fahari hiyo asiifaidi peke yake. Ibada ilipokwisha akawaleta mama yake na bibi yake kutoka Junju, akawakalisha meza ya mbele kabisa. Mama mkwe alikuwa na soda yake ya tangawizi, leso ameishusha hadi kwenye nyusi. Hawe Kabibi, maana ndivyo bibi aitwavyo kwao, alikuwa na pombe yake ya mnazi na mrija.

Kiponda aliwaona akiwa ameshashika maikrofoni. Mtu na mama mkwe hata macho hawatazamani, sembuse kutaniana. Akisema neno moja tu kati ya aliyoyaandaa, Junju hakanyagi tena. Akinyamaza, kazi inakwenda kwa yule kijana wa Mtwapa aliyemtangulia, ambaye, tuseme kweli, hakuchekesha hata paka.

Lakini bibi ni mtani, na bibi wa mke ni mke vilevile. Kiponda akavuta pumzi, akatabasamu.

"Hamjambo. Nataka niwajulishe mke wangu." Pamela akainuka. "Si wewe, kaa. Wewe nilipewa unitunze tu mpaka mkubwa akubali." Akamnyooshea mkono Hawe Kabibi.

Hawe akautoa mrija mdomoni. "Mimi na huyu? Juzi nimempa shoka anipasulie kuni, kapasua kiatu chake."

Baa nzima ikaangua kicheko.

"Mke wangu, ya nyumbani tusiyamwage hapa."

"Na kiatu chenyewe kilikuwa cha kuazima."

Hapo Kiponda akaiona njia. Yeye hawezi kumtaja mama mkwe, lakini Hawe ndiye aliyemzaa. Nani atamziba mdomo?

"Hebu waambie watu hawa," akasema kwa adabu, macho kwenye makuti ya paa yasije yakaangukia kusikofaa. "Kule kwetu, mtu akikutana njiani na mkwewe, hufanyaje?"

"Humpisha."

"Binti yako hunipisha wapi?"

"Kwenye mihogo."

"Mihogo ya nani?"

"Ya watu," akasema Hawe. "Pikipiki ikinguruma tu, huyo, kazama. Mwenye shamba keshamzoea. Siku hizi kamwekea kigoda."

Watu walipiga meza. Kambi alijifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia glasi. Aliyebaki bila kucheka ni Kiponda peke yake, kwani leso ya mama mkwe ilikuwa inatikisika na hakujua kama ni kicheko au kilio. Aliogopa kwelikweli.

Mama mkwe akamwinamia mama yake, ila sauti aliiachia ifike hadi jikoni. "Mama, mwambie mkwe wangu shamba lile nimeshalikodi. Sasa najificha kwangu."

Baada ya hapo nani angeuliza mshindi ni yupi? Kiponda alipotaka kurudisha maikrofoni, Kambi akamsukumia mkono. "Kaa nayo. Jumapili ijayo uje nayo."

Wakati wa kutoka, Kiponda alikutana nao kwenye kijia chembamba kando ya kaunta. Mama mkwe akaangaza kushoto na kulia, hakuona pa kuingia. Basi Kiponda ndiye aliyepisha. Alijipenyeza katikati ya makreti ya chupa tupu, akageuka ukutani, akainamisha kichwa. Mama mkwe akapita taratibu, kisha akasimama.

"Mama," akamwuliza Hawe, "mkwe wangu amekula?"

"Si huyo hapo. Muulize."

"Hajala," Kiponda akaziambia chupa.

"Basi mwambie apitie nyumbani," akasema mama mkwe. "Mihogo ipo tele."