Zamu ya Kunywesha Mashuuru

Nasieku aliitengeneza tovuti ya kisima cha Mashuuru mwenyewe, akiwa ofisini Kitengela, na aliionea fahari mpaka Mzee Simel, mmoja wa wafugaji wanaonywesha hapo, alipompigia simu Jumanne asubuhi.

"Hiyo kitu yako imenidanganya," mzee alisema. "Nimekaa nyumbani na mbuzi wangu nikiangalia simu. Inasema zamu ni ya Lemein. Kufika kisimani, yangu ilishapita kitambo!"

"Ulifungua ukurasa tena, mzee?"

"Niko nayo imefunguliwa tangu asubuhi. Nifungue mara ngapi?"

Nasieku alijua kosa lilipo. Mama yake, Nalotuesha, ndiye katibu wa kisima. Kundi moja la mifugo likimaliza kunywa, aliandika kwenye tovuti jina la mwenye zamu inayofuata. Lakini seva haikumwambia mtu lolote mpaka iulizwe upya kwa kufungua ukurasa tena.

Basi akaamua kuifanya iseme yenyewe. Akaongeza soketi, njia ya mawasiliano isiyokatika, kwenye kiunzi cha JavaScript alichojengea seva, ili kila simu iliyofungua ukurasa ibaki imeunganishwa, ikipokea habari papo hapo. Alihangaika siku mbili. Ukurasa ulifunguka vizuri, ila soketi ilikataa katakata kuunganishwa.

Siku ya tatu akamwita Muteti, mwenzake wa ofisini. Muteti alisoma msimbo wake, kisha akacheka.

"Umetengeneza seva mbili, Nasieku. Kurasa zinapitia hii. Soketi umeiunganisha na ile nyingine, na hiyo hujaiwasha kabisa. Wacha zote zitumie moja."

Ulikuwa mstari mmoja tu. Nasieku aliubadilisha, akampigia mama yake.

"Yeyo, andika jina lolote."

"La nani?"

"Lolote tu!"

Mara, bila yeye kugusa kitu, ukurasa ulio mbele yake ukabadilika: *Zamu ya Nasieku.*

"Hauna hata mbuzi mmoja," mama alisema akicheka, "lakini kuja unyweshe."

Nasieku alijikuta amesimama, anacheka peke yake, Muteti akimpigia makofi.

Jumamosi alikwenda Mashuuru kujionea. Ng'ombe wa Lemein walikuwa ndio wanaondoka horini Mzee Simel alipotokea na mbuzi wake, simu mkononi. Mbuzi hawakungoja hata kidogo. Nasieku akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kumsalimu.

"Hiyo kitu yako imeniita nikiwa nakunywa chai," alisema. "Nikamaliza kikombe, nikatoka polepole."

Kisha akageuka kuwahesabu mbuzi wake wakinywa.